Friji ya Shangazi Nefize

Tuliondoka Bursa saa kumi alfajiri,
baba kanyoa ndevu kama aendaye kuposa,
mama akihesabu mizigo kwa vidole, kisha kwa macho:
zeituni ndoo mbili, chai kilo nne,
nyuzi za sufu rangi ya zambarau,
na juu ya paa, imefungwa kwa kamba,
friji mpya, nyeupe,
kama jeneza la mtu mfupi.

Daraja la ghuba lina ushuru. Baba hakulitaka.
"Barabara ya zamani haidai kitu," alisema,
tukazunguka Izmit saa nzima na nusu
nyuma ya malori ya saruji,
Erdinch akitapika ndani ya mfuko wa mkate,
wala hapana aliyethubutu kutamka
kwamba petroli nayo ina bei.

Ng'ambo ya Istanbul nchi ililala chali.
Alizeti zimekauka, vichwa vimeinama,
uwanda mzima wa wanafunzi walioadhibiwa.
Baba akaanza: "Mwaka ule, foleni ilikuwa..."
akabadilisha gia,
na gia ikameza sentensi.

Yaliyobaki nimeyaokota mwenyewe,
punje moja msibani, nyingine harusini:
kwamba alikuwa na miaka kumi na mmoja;
kwamba babu alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni,
akafika njia panda,
akarudi mbio kumfungulia ndama;
kwamba shangazi Nefize, mimba ya miezi tisa,
alisimama kwenye lango akasema,
"Tangulieni. Mimi nitawafuata Jumapili."

Jumapili hiyo haijafika.

Mpakani, Kapikule, jua lilitukalia mabegani.
Afisa wa upande wa pili, kijana, masikio mekundu,
alifungua pasipoti ya baba
akakaa na ule mstari wa mahali pa kuzaliwa
kuliko alivyokaa na picha.
Akauliza jambo kwa Kibulgaria.
Baba akajibu.

Sikuwahi kuisikia sauti ile.
Ilikuwa nyembamba, yenye haraka,
sauti ya mtoto aliyeitwa na mwalimu mbele ya darasa.
Mama alitazama mikono yake mwenyewe.
Erdinch aliacha kutafuna.
Muhuri ukashuka, pa!
na kijana akaonyesha paa kwa kidole:
kamba imelegea.
Baba alishuka kuikaza,
akaikaza, akaikaza tena,
mpaka gari la nyuma likapiga honi.

Nyumba tuliipita mara mbili.
Baba alitafuta jina la dada yake langoni
na sanduku la barua liliandikwa Nadya.
"Hilo ni la serikali," alisema shangazi,
keshatupakata wote wanne kwa mikono miwili,
"walinipachika, sasa linanilipa pensheni, liache likae.
Langu liko jikoni."

Jikoni kweli tuliingia,
na pilipili zilikuwa zikichomwa,
na baba akaibeba friji mgongoni peke yake,
akikataa msaada, shingo imemtuna mishipa,
akauliza: "Niiweke wapi?"

Shangazi alinyamaza kidogo tu.
Kwenye kona palisimama kitu kirefu, kipana,
kimefunikwa kitambaa cha meza chenye maua ya kutarizi,
juu yake chombo cha udongo na picha ya marehemu mumewe.
"Weka popote," alisema, "kabati hilo halina kazi."
Mama aliliona. Nami nililiona.
Mama alinikanyaga mguu.

Usiku tulilala sakafuni, wote chumba kimoja,
baba akikoroma kwa mara ya kwanza tangu Bursa.
Nje mbwa wawili wakajibizana, wakachoka.
Ndipo nikaisikia ile yetu ikinguruma ukutani,
mpya, ikijikohoza,
na kando yake, chini ya maua,
ile kubwa ikiitikia kwa sauti nzito,
taratibu,
kama mtu aliyekuwa macho muda wote.