Kielelezo Namba Moja

Mheshimiwa hakimu, mchi ule ni wangu.
Mmeufunga karatasi shingoni kama ndama wa mnada,
lakini naujua kwa ufa alioutia mama mkwe
alipotwanga siku tatu mfululizo baada ya matanga.

Isongole, mwezi wa saba.
Ukungu umelala mlangoni kama mbwa.
Mbwa mwenyewe walishamlisha sumu jioni.

Nyumba yangu ni vyumba viwili:
kimoja nalala na Tusekile na mdogo wake,
kingine vimelala viazi, magunia kumi na moja,
na ada ya shule imo humo, chini ya udongo wa viazi.

Wakili ameuliza kwa nini sikukimbia.
Nikimbilie wapi, baba?
Mtu hukimbilia kwake.
Mimi nilikuwa nimeshafika.

Komeo likalia.
Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nne.
Mmepima kwa utepe, mkapata mita mbili na nusu.
Usiku ule hazikuwa mita.

Pigo la kwanza nililipiga gizani.
Sikuona mtu, niliona panga
kwa mwanga wa tochi yake mwenyewe.
Hilo, mmesoma hapa, sheria inalielewa:
mwenye nyumba ailinde, kwa nguvu ya kiasi.
Kiasi.
Chumvi naijua kiasi chake, na unga, na mbolea ya shimo.
Hofu sijawahi kuona kibaba chake.

La pili ndilo mnalolitaka.

Tochi ilikuwa imeanguka, ikammulika usoni.
Gwakisa. Mtoto wa mzee Mwaihojo,
aliyenipakilia viazi msimu uliopita,
nikampa chai, akasifia tangawizi.
Panga lilikuwa mbali na mkono wake.
Akasema, "Mama Tuse."
Na mchi ulikuwa umeshapanda.

Karani, usiandike kwamba ulishuka wenyewe.
Hapo katikati ilipita pumzi moja,
ndefu,
nami hadi leo sijui niihesabu upande wa nani.

Yule pale kwenye benchi.
Sikio la kushoto limekufa,
ameinamisha la kulia ili anisikie.

Mengine ni yenu, hukumuni.
Ila mkimaliza naomba mchi wangu.
Tangu Julai natwangia wa jirani,
na kila nikiurudisha
anauosha mara mbili.