Visiwa kwa Hesabu ya Barafu

Mgeni wa hoteli aliniuliza gatini Mbita,
kamera shingoni, soksi ndani ya ndara:
"Dada, visiwa hivi vyote ni vingapi?"
Nikamfunulia kisanduku.
Vipande kumi na viwili vya barafu,
na chini yake chupa za surua, zimelala kama mayai.

Idadi ya visiwa siijui. Najua barafu.

Ngodhe ni kipande kimoja.
Mnandi wameyapaka mawe chokaa,
na akina mama wamekwisha kusimama, watoto mgongoni,
kwa maana Okinda huzima injini mbali
ili boti iingie kwa adabu.

Takawiri ni viwili, kwa sababu ya mchanga.
Mweupe, na minazi michache iliyoletwa sijui na nani.
Nakiri hukawia pale.
Nimewahi kuvua viatu kazini, mara mbili,
na sikuandika kwenye ripoti.

Ringiti, kimoja na nusu.

Remba ni vinne. Kisiwa hukioni,
unaona paa la mabati linaelea,
Kijaluo mlangoni, Kiganda dirishani,
omena wameanikwa hadi kizingitini.
Hapo nilimdunga binti wa Atanasia
huku redio tatu zikitangaza mechi moja,
kila redio na bao lake.

Mfangano hula kilichobaki.
Kutoka Sena ni miguu, kisanduku kichwani,
maji ya barafu yakinipenya kisogoni
njia nzima ya mlima.
Nikigeuka kule juu naviona vyote,
vimekaa ziwani kama wageni waliowahi harusini
wakakuta wenyeji bado wanaoga.

Lakini kuna kile kisichokuwa kwenye ramani.
Alhamisi moja kilitukuta mkondoni:
gugumaji, ekari kwa ekari, limechanua zambarau,
yangeyange mmoja juu yake ametulia kama mwenye hati ya shamba.
Okinda akasukuma kwa upondo, akatukana, akaomba msamaha,
akasukuma.
Saa tatu.
Kisiwa kile kilikula vipande vyote kumi na viwili,
na ule mraba mdogo kwenye kila chupa
ukawa mweusi.

Sena walikuwepo, bado kwenye foleni.
Mama mmoja aliyeshuka toka Kwitutu alfajiri
akachungulia kisanduku changu.
"Maji tu?"
"Maji tu."
Hakunilaumu. Akachota kwa kiganja,
akamnawisha mwanawe uso,
na mtoto, ambaye hakuwahi kuguswa na baridi ya namna ile,
akashtuka, akafumbua macho,
akataka tena.

Mgeni wangu nilimkuta gatini jioni, anafungasha.
"Umevihesabu?" akauliza.
Nikamwambia nimeongeza kimoja,
ila sijui kesho kitakuwa wapi.