Mstari wa Chaki

Aprili ghala la chama huwa tupu.
Mnada umekwisha, mizani imevikwa turubai,
sakafuni yamebaki maganda mawili matatu
na harufu ya korosho isiyofagilika.
Mwalimu Chinkambo aliomba ufunguo kwa karani,
akatuingiza Kidato cha Tatu wote,
akavuta vitoroli viwili vya magunia,
magurudumu yakinuka grisi mpya.

"Nambunga, kilo themanini, gunia kamili, kaa hapa.
Somoe, arobaini, nusu gunia, kaa kule.
Viganja kwa viganja. Na wewe, Mfaume,
chora mstari katikati yao."

Nikachora.

Wakasukumana.
Somoe alikwenda kinyumenyume, ushungi ukimtangulia usoni,
akagota kwenye rundo la magunia matupu, hatua sita.
Filimbi ikalia. Nambunga ndiyo kwanza yuko ya tatu,
ametulia kama mtu aliyesogezewa kiti.

"Nani kamsukuma mwenzake?"
Darasa zima: "Nambunga!"
Mwalimu akacheka na meno yake ya ugoro.
"Wote. Kwa kani ileile, wakati uleule.
Mwepesi huenda mbali, basi.
Zidisha kilo zake kwa kasi yake, huku na huku:
momenta mbili sawa, zimepeana mgongo.
Jumla sifuri, kama kabla hawajagusana."

Binti Chilumba, mbishi, hakuridhika:
"Kama zilikuwa sawa mbona hazikufutana,
wakabaki palepale?"

"Kwa kuwa haziko kwenye mwili mmoja.
Moja imempata huyu, moja imempata yule.
Kila mtu kaondoka na yake."

Hapo ndipo nilipoacha kuandika.

Mama alikuwa ameshateremka Mikindani
na sanduku la bati na cherehani isiyo na meza.
Baba yuko Newala, nyumba ileile.
Alikuwa amesogea, nadhani, hatua tano:
kutoka chumbani hadi barazani, anakolala mpaka leo.
Mtaa ulimtazama aliyekwenda mbali,
ukasema, huyu kasukumwa.
Wengine wakasema, huyu kakimbia.
Hakuna aliyekiangalia kiganja cha baba.
Mimi nilikiona usiku, chini ya taa ya sola,
akikigeuza, akikipuliza,
kama kimeunguzwa na mafuta ya ganda la korosho.

Jumla sifuri. Sawa, Mwalimu, nimekokotoa, nimepata.
Lakini hatua zile zote, sita na tatu,
ulizihesabu kuanzia kwenye chaki,
na chaki hukuipa kilo wala kasi.

Likizo ya Juni nilipanda basi,
mfuko wa korosho za kubangua mapajani,
baba kaufunga mwenyewe, hakusema ni wa nani.
Mteremkoni mbuzi akakatiza,
dereva akakanyaga breki.
Basi lilisimama.
Mimi niliendelea, kifua mbele, kuelekea kwa mama,
mpaka chuma cha kiti kikanijibu.