Mshale wa Kadibodi

Kwenye nguzo ya jengo moja, Luthuli,
kuna kipande cha kadibodi, wino mwekundu:
ZIPU, GHOROFA YA PILI, na mshale.
Mshale haujui kushona.
Uvishe koti lako, utaanguka nalo.

Nilikuwa nimekesha Ngara siku ya tatu
nikiandika kanuni za aina za lugha yetu changa,
na Kiptalam, ninayegawana naye meza na bili ya stima,
akaniuliza tena, mandazi mdomoni:
"Fanksheni na kielekezi chake, tofauti iko wapi?
Uite hii, uite kile, kazi si inafanyika?"

Inafanyika. Ndiyo maana swali linauma.

Nikamwambia twende.
Tukapanda ngazi zinazonuka risasi ya kulehemu na chipsi,
tukamkuta Kasiva: koleo, mkebe wa vichwa vya zipu,
kipande cha mshumaa cha kulainishia meno,
mkono wa kushoto ukijua jambo
ambalo wa kulia hauulizi.

Utampima kwa kipimo gani? Kwa kiti chake? Kwa miaka?
Kadibodi ni baiti nane, inaingia mfukoni.
Inakili mara kumi, ibandike hadi Ronald Ngala,
igeuze kesho imwonyeshe fundi wa redio.
Kasiva hanakiliki.

"Lakini lugha za zamani," akasema Kiptalam tukishuka,
"hugeuza jina kuwa anwani bila kuuliza."
Hugeuza, kweli. Kama bawabu wa benki:
kila ukimtajia mtu, anakunyoshea kidole,
na wewe unatoka ukidhani mmeonana.

Aprili mwenye jengo akapandisha kodi.
Kasiva akaondoka na cherehani, Kariobangi au Mwala, sijui.
Julai ikaja na baridi yake,
Kiptalam akapanda peke yake, zipu imekwama kifuani,
akarudi koti wazi, kimya.
Mshale ulikuwa palepale, mwekundu vilevile,
ukielekeza kwa uaminifu wote
kwenye kufuli jipya.

Usiku huo tuliandika aina mbili.
Moja ni kazi yenyewe, haina pambo.
Nyingine ina nyota mbele yake,
na nyota maana yake: nenda kaangalie kwanza,
huenda hayupo.

Kompaila ikakataa mistari arobaini na saba.
Kiptalam akaguna, akainjika chai,
akavuta kiti.
"Soma wa kwanza," akasema.