Hodi Tatu

Siku ya nne tangu minara inyamazishwe,
simu za Kadutu zimebaki vioo vya kujitazamia.
Niko juu ya bati la Mama Ntakwinja,
kopo tupu la maziwa ya unga kiunoni, waya mdomoni,
naye ananipazia sauti toka uani:
"We Cibalonza, ukitoboa bati langu
mvua ya leo utaikinga kwa kichwa!"

Sikutoboa. Nilifunga kwa mpira wa baiskeli,
nikaligeuza kopo likatazama Funu.

Bukavu imejengwa kwa kutazamana:
kilima kinaona sufuria za kilima kingine,
na ukianika nguo Nyamugo
Cimpunda wanajua una watoto wangapi.
Tulizoea kuuita umbeya.
Sasa ndiyo njia.

Maana barua yetu haipandi kwa mkubwa yeyote
kuomba ruhusa ya kushuka kwa jirani.
Inakwenda mlango kwa mlango:
hodi —
karibu, pita, si yangu,
jaribu kwa Murhula mchomeleaji;
hodi —
pita, jaribu duka la dawa, wana betri ya gari.
Na hakuna wa njiani anayeifungua. Hata mimi
niliyekaza kila skrubu, siwezi.

Ya kwanza kutoka Panzi, iliyoandikiwa wote,
tuliingoja watu kumi na mmoja, pumzi tumezibana.
Ikafika: *Mbuzi wa Ciza amepatikana.*
Mama Ntakwinja alicheka hadi akakaa chini.

Usiku wa Jumanne mvua ikaja kweli.
Huko Funu udongo ukateremka na nyumba tatu,
mojawapo ya Ngabo,
aliyekataa kopo, akatumia ungo wa bibi yake
aliouvisha karatasi za sigara zinazong'aa.
Sikusikia kishindo. Niliona tu barua zikasita
kitambo cha kumeza mate,
kisha zikazungukia Nyamugo
zikafika kama kawaida.

Kama kawaida. Hapo ndipo paniumapo.
Tuliufuma wavu huu usimtegemee mtu mmoja,
na haukumtegemea.

Kwenye orodha jina lake limegeuka kijivu.
Kila sekunde kumi mashine yangu humbishia.
Sisi tulilelewa hivi: hodi tatu
bila jibu, mgeni arudi alikotoka.
Mashine sikuifunza adabu hiyo.
Ningeweza kuifunza. Ni mstari mmoja tu.
Leo siku ya tisa, kidole kiko juu ya kitufe,
na yenyewe:
hodi,
hodi,
hodi,
hodi