Dirisha Namba Tatu

Alishuka treni kutoka Uvinza na bahasha ya kaki,
picha nne, cheti cha kuzaliwa kilichochelewa miaka hamsini na sita,
na salamu: "Mwidiwe."
Nikaitika. Kisha nikamwambia ninachomwambia kila mtu hapa Kigoma:
vidole vinne vya kulia, mama, usikandamize.

Kioo kikawaka kijani, kikafikiri,
kikageuka chekundu.
RUDIA.

Tukarudia.
Nina mbinu zangu, miaka saba hapa haikwenda bure.
Futa kwa kitambaa chenye maji. Futa kwa kikavu.
Pitisha kidole kwenye paji la uso kichukue mafuta.
Kipulizie, kama unapoza uji.
Wakamua mawese wa Simbo huwa nawapata hivyo,
waanika dagaa wa Katonga nawapata hivyo,
hata fyatua-tofali mmoja wa Kasulu, baada ya vaselini.
Yasinta Bitumbe, mchemsha chumvi,
nilimrudia mara kumi na moja.

Kwenye skrini, pale ningeona mistari,
vile vilima na mabonde mtu anavyozaliwa navyo,
palikaa weupe mtupu,
sufuria iliyokaukia motoni.

"Kazi ulianza lini?"
"Kabla sijavunja ungo.
Tulikwangua chumvi ikiwa bado inafuka.
Glavu zilikuja mwaka niliostaafu."
Akacheka. Mimi nikatazama kibodi.

Binti yake yuko Kanada, mimba ya pacha, mwezi wa saba.
Huko nani humkanda mzazi, aliuliza,
aliuliza kweli, akingoja jibu,
nikasema sijui.
"Basi ni mikono hii inayoitwa.
Na wewe unasema haipo?"

Sikusema mimi. Mfumo ndio unasema.
Mfumo una majibu matatu ya kidole kisichosomeka:
kimefungwa bendeji, kimekatwa, hakipo.
Hakuna pa kuandika: kimeliwa na kazi.
Nikashusha mshale hadi *hakipo*,
nikabonyeza, kidole kwa kidole, mara kumi,
nikimkata mtu mzima mbele ya macho yake
bila tone la damu,
naye ameiweka ile mikono juu ya kaunta,
mmoja juu ya mwenziwe, imetulia.

Uso ulikubaliwa mara moja.
Nilimkataza kutabasamu, wala hakuwa na nia.
"Kwetu," alisema, "hunijua kwa kikohozi,
nikiwa bado kona ya msikitini."

Tamko la mwisho lilitaka sahihi. Hajui kuandika.
Nikamsogezea kidau cha wino,
akabandika dole gumba
chini ya maneno *mwombaji hana vidole*:
doa la zambarau, zito, la duara,
halina mstari hata mmoja.
Karatasi ikalipokea. Karatasi haina makuu.

Aliacha kifuko. "Si rushwa, ni chumvi."
Kanuni inasema nikirudishe. Nilitoka mbio,
nikamkuta mwenye kahawa tu na mbuzi wawili.
Jioni nikaitia kwenye maharage,
nikaonja kwa kidole,
hiki changu kinachosomeka.

Jana faili limerudi kutoka Dar es Salaam.
Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu,
kwa mwandiko mzuri kabisa:
*Eleza. Kama vidole havipo,
gumba hili ni la nani?*