Mechi Kumi na Nne

Fomu ya pembejeo ina kisanduku kimoja
kilichoandikwa: Kazi ya mwombaji.
Jina nimeshajaza, Dadi Nalinga,
kazi nimeweka "mkulima", kama mwaka jana.
Baba akaegemea meza ya ofisi ya chama, hapa Newala,
akasoma polepole, akasema:
"Ongeza na ile nyingine."

Ile nyingine.
Mechi kumi na nne, bao moja,
beki wa kushoto, jezi namba tatu
iliyofuliwa kwa ndoo ya kununua,
maana huku juu maji hayaji kwa kubembelezwa.
Mama aliikamua juu ya mche wa mpapai
lisipotee hata tone.
Mpapai ulizaa.
Tatu ikapauka, ikawa kama nane iliyoliwa na mende.

Timu ya Ushirika ilisafiri juu ya magunia ya korosho,
wachezaji wakavaa vumbi kabla ya kuvaa jezi.
Walilipwa sukari kilo mbili, ikipatikana,
na mwaka wa ubingwa wa wilaya, baiskeli moja
kwa watu kumi na sita:
kila mtu siku mbili, kwa zamu,
hadi kipa alipoiuza Masasi
akarudi analia kwamba imeibiwa.
Mpaka leo baba humsalimia kwa mkono mfukoni.

Bao lenyewe silijui vizuri.
Mara ni shuti la mita thelathini,
mara ni krosi iliyobadili nia.
Kocha Nampunju, kabla hajafa,
aliniambia kwenye msiba wa mtu mwingine:
"Baba yako alikuwa anautoa nje.
Ukaingia."
Akacheka peke yake, akakumbuka tulipo.

Goti aliliacha Lindi.
Ndivyo anavyosema, "nililiacha Lindi",
kama mtu aliyesahau mwavuli.
Dakika ya ishirini, uwanja umelowa,
winga wao, kijana wa Mingoyo,
alikuja na miguu yote miwili.
Wakamfunga kwa kanga ya shabiki
na kijiti cha bendera ya kona.
Kwenye lori la kurudi alilipa kila shimo jina;
majina yote, anasema, ni matusi.

Tangu hapo mikorosho mia na kumi,
salfa machoni kila Juni,
minada, stakabadhi, malipo ya pili yasiyofika.
Miaka thelathini na saba
imeenea ndani ya neno moja,
na ile miwili inataka mstari mzima.

Nikabana herufi pembeni ya kisanduku:
"na mchezaji wa zamani, mechi 14".
Karani akatazama saa. Foleni ikakohoa.
Baba akaweka kidole juu ya namba.
"Tano," akasema. "Kumi na tano.
Ile ya Nachingwea mvua iliivunja dakika ya sabini,
wakaifuta kwenye daftari.
Lakini dakika sabini hizo mimi nilizicheza."

Nikaikata nne, nikaandika tano juu yake,
karatasi ikatoboka.
Karani akagonga muhuri papo hapo kwenye tundu.

Tukarudi kwa miguu, yeye upande wa juu wa njia
ili goti lisijue kama ni mteremko.
Bibo lilikuwa limeanguka mchangani, limejaa nyuki.
Akanipa fomu nimshikie.
Akalipiga kwa mguu wa kushoto, taratibu.
Likaenda nje.